Simu Iliyosingiziwa

Wiki iliyopita mliniacha kwenye korido ya hospitali, viatu mkononi, nikimtazama Kocha akisukumwa juu ya kitanda cha magurudumu hadi nyuma ya mlango ambao sikuruhusiwa kuupita. Mimi, muuguzi, nikaambiwa nisubiri nje na wengine.

Kwa aliyejiunga leo, mkasa ni huu. Nafanya kazi kwenye kampuni inayopeleka wauguzi majumbani. Karatasi tuliachana nazo zamani. Kila kitu kiko kwenye programu ya simu: umwendee nani, umpe dawa gani, kiasi gani. Ukimaliza unabonyeza "Tayari", ofisini wanaona. Usipobonyeza, kwao mgonjwa hajahudumiwa.

Asubuhi ile nilimchoma Kocha sindano yake ya sukari kama kawaida. Nilipotaka kubonyeza "Tayari", kioo kikageuka chekundu. "Simu hii imevunjwa ulinzi. Huduma imesitishwa." Nikapiga ofisini, nikapokelewa na muziki. Nikapiga tena, muziki. Basi nikampiga Kocha picha, ameshika ile sindano yake, kalamu ya dawa, shavu limejaa mkate, nikijua nitaiingiza programu ikikaa sawa. Nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mchana ofisi ikaona Kocha hajahudumiwa. Ikamtuma mwenzangu. Mwenzangu akamuuliza, "Mzee, umeshachomwa?"

Kocha, aliyefundisha mpira maisha yake yote, siku hizi kumbukumbu imemwacha. Muulize kama amekula, kama ameoga, kama mechi imeanza. Jibu lake ni moja.

"Bado."

Akachomwa mara ya pili. Sukari ikaporomoka, akazimika.

Tulifika hapo. Sasa sikilizeni.

*

Ijumaa nikaitwa ofisini.

Msimamizi wetu ni mtu mpole, na hilo ndilo linalotisha. Akitaka kukumaliza anakuvutia kiti kwanza.

Akanivutia kiti.

"Sista, pole na yaliyotokea."

"Asante, bosi."

"Simu yako imerutiwa."

"Imefanywaje?"

"Imerutiwa. Mfumo umeona."

Kuruti ninayemjua mimi ni wa jeshini, kanyolewa upara, anakimbia na tairi begani. Niliiangalia simu yangu pale mezani, na ufa wake kwenye pembe. Siku nyingine ningecheka.

Akanielewesha taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa majibu ya vipimo. Kuna watu wanavunja ulinzi wa simu mpaka kwenye mzizi. Wakishafika huko, wao ndio mabwana. Wanaweza kuiambia simu iseme uongo. Muuguzi yuko kitandani kwake, simu inaapa kwamba yuko kwa mgonjwa.

"Tumewahi kuwa nao hapa," akasema.

"Bosi, mimi hata kubadilisha mlio nasaidiwa na mwanangu."

"Mfumo hauamki tu ukamfungia mtu."

"Kwa hiyo sikufika kwa Kocha?"

"Mimi sisemi hivyo."

"Kama sikufika, sindano ya kwanza ilitoka wapi? Daktari kasema dawa iliyomkuta mwilini ni ya mara mbili."

Akaunganisha vidole vyake. "Mwenzako anaweza kuwa alizidisha kipimo. Au wewe ulifika, ukachoma, ukaondoka bila ofisi kujua. Yote yataulizwa."

Nilielewa. Kama sikufika, nina kosa. Kama nilifika, nina kosa kubwa zaidi.

Nikamwonyesha picha. Akaitazama muda mrefu. Nilidhani yameisha.

"Ina saa na tarehe," nikasema.

"Simu iliyovunjwa inaweza kudanganya hata saa, Sista."

Sikuhisi hasira. Nilimsikia kama mtu anayezungumza na mwingine aliyekaa nyuma yangu, nami nimepita tu hapo katikati.

"Jumatatu kuna kikao," akaendelea. "Mpelelezi wa polisi atakuwepo. Mtu wetu wa mifumo atakuwepo. Njoo na simu. Ikithibitika haijavunjwa, basi saa ya picha ni ya kweli, na lawama inarudi kwetu: kwa nini tulikufungia. Ikithibitika imevunjwa..."

Akanisogezea maji.

"Naweza kumtumia binti wa Kocha hii picha?"

"Picha ya mgonjwa, nje ya programu? Usithubutu. Litakuwa kosa juu ya kosa."

Nikasema sawa. Wiki ile nilisema sawa nyingi.

*

Mkabala na hospitali kuna jengo la ghorofa, na chini ya ngazi zake kuna fundi simu anayeitwa Fundi Miwani. Anavaa miwani mbili, moja machoni, nyingine juu ya paji la uso, na muda wote anaitafuta ya tatu.

"Fundi, angalia kama simu hii imerutiwa."

Akanitazama juu mpaka chini, na sare yangu. "Wewe? Umerutiwa na nani?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza."

"Niachie kidogo."

Nikavuka barabara kwenda kumwona Kocha. Alikuwa amelala, mirija puani, miguu imetokeza nje ya shuka kwa urefu wake. Pembeni yake alikaa binti yake, mshonaji wa sare za shule, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alikuwa ametoka cherehani moja kwa moja.

"Shikamoo dada," nikasema, ingawa hatupishani sana.

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Tukasikiliza mashine.

"Sista, mimi sina ugomvi na mtu anayesema kweli," akasema mwishowe. "Nakuuliza mbele ya baba. Ulimchoma au hukumchoma?"

"Nilimchoma. Asubuhi, kabla hajamaliza chai."

"Ofisi yako inasema simu yako ni ya kitapeli."

"Nina picha. Amekaa kwenye kiti chake, kalamu ya dawa mkononi."

"Iko wapi?"

"Simu iko kwa fundi."

Aliguna. Si kwa dharau, ila kama anayehesabu nyuzi na kuona moja haipo.

"Nikiiona hiyo picha kwa macho yangu, Jumatatu nakaa upande wako, nawaambia wote. Sitaki fidia ya mtu. Nataka kujua nani alimfanyia baba hivi. Lakini usinidanganye, Sista. Nimedanganywa na watu wengi wenye sare nzuri."

"Sawa."

Nilimrekebishia Kocha shuka, nikafunika miguu. Mikono yangu ilifanya yenyewe. Mimi sikuwemo.

*

Niliporudi, Fundi Miwani alikuwa ananisubiri kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Simu yako imesingiziwa!"

"Una hakika?"

"Njoo uone." Akaizima, akaiwasha. Ikatokea nembo ya kampuni iliyoitengeneza, basi, ikafunguka. "Umeona onyo lolote? Hakuna. Simu hizi zina kufuli la chini, chini kabisa kabla ya kitu chochote. Huwezi kuruti bila kulifungua hilo kwanza. Na ukilifungua, mambo mawili lazima yatokee. Kwanza, simu inajifuta yote, inabaki kama imezaliwa leo. Pili, kila ukiiwasha inakuandikia onyo kwamba kufuli limefunguliwa. Yako ina picha za tangu mwaka juzi, na haina onyo. Haijaguswa."

"Sasa ofisi imeona nini?"

"Programu yao ni kama mlinzi mpya getini. Amepewa majina ya wezi. Akisikia jina tu, anapiga filimbi. Simu za bei nafuu kama hii zinatoka kiwandani na mabaki ya mafaili ya waliokuwa wakizijaribu. Jina limo, mwizi hayumo. Pengine programu yao ilijisasisha juzi, ikaanza kutafuta jina jipya."

"Na mtu akitaka kuiruti kweli?"

Akacheka, miwani ya juu ikamshukia puani. "Aina hii? Imefungwa na kampuni ya laini iliyoiuza. Kiwandani hawatoi namba ya kufungulia. Mimi nilijaribu mbili, nikaziua zote. Moja naibania mlango." Kweli, mlango ulikuwa umebanwa na simu. "Wewe nenda nayo Jumatatu ilivyo. Huyo mtu wa mifumo akiiwasha mbele ya polisi, kesi imekwisha. Ila usimpe mtu aiguse. Mtu yeyote."

Mngekuwa ninyi mngemkumbatia. Mimi nilimshukuru, nikaweka simu kwenye pochi, nikaondoka. Njiani nilijaribu kufurahi. Ilikuwa kama kubonyeza swichi na umeme haupo.

*

Sasa nawaletea mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Mtu mwema, hana makuu. Kwake kila kitu kilichokwama kina kifuniko, unakifungua, unagusa, kinakwenda. Tangu Kocha azimike alikuwa ananizunguka kama mtu anayetafuta kifuniko changu.

Jioni ile watoto walikuwa kwa bibi yao. Alinikuta sebuleni nakunja nguo.

"Ofisini wamesemaje, mama watoto?"

"Wanasema simu ina tatizo."

"Tatizo gani?"

"Ulinzi umevunjwa. Mfumo umeifunga."

"Jumatatu wanataka nini?"

"Waiangalie."

"Wakikuta tatizo bado lipo?"

"Nitafukuzwa. Au nitafungwa."

Nilisema hivyo huku natafuta soksi ya pili.

Alisimama pale akinisubiri niongeze. Fundi Miwani alikuwa amenipa maneno ya kutosha kabisa, nami nilikuwa nayo yote kichwani, yamepangwa. Ningeyatoa. Hata mawili tu, "usiiguse", yangetosha. Lakini kufungua mdomo kulikuwa kazi, na nilikuwa nimeshafanya kazi nyingi siku hiyo.

"Utakula?" akauliza.

"Nimeshiba."

Sikuwa nimekula tangu jana yake.

*

Jumamosi nililala hadi jua likawa juu ya paa. Nilipoamka, meza ya pembeni ya kitanda ilikuwa na chaja peke yake.

Nilitafuta chini ya mto. Nilitafuta kwenye pochi. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikiitazama ile chaja. Nilijua. Moyo hata haukwenda mbio.

Alirudi mchana, anapiga mluzi kuanzia getini. Alikuwa ameifunga simu kwenye leso safi, kama pete.

"Kaa chini, mama watoto. Nimekumalizia kazi."

"Umeipeleka wapi?"

"Kuna jamaa mmoja karibu na kazini kwetu, hiyo ndiyo shughuli yake. Nimemwambia, mke wangu ofisini wamemwandikia ulinzi umevunjwa, itengeneze. Akasema ndogo." Akaketi, uso umejaa. "Haikuwa ndogo! Imemsumbua! Ameunganisha na kompyuta, ikakataa. Akajaribu njia nyingine, ikazima, tukajua imekufa. Mwisho akafungua mgongo, akagusa vidude viwili kwa kibano, kama tunavyofanya sisi na lifti zinazogoma. Ikafunguka."

"Imefunguka nini?"

"Kufuli la chini. Kuruti kwenyewe kumemshinda, anasema simu hizi zina ukorofi. Lakini kufuli limefunguka, na lile tangazo jekundu halipo tena."

"Halipo kwa sababu programu haipo."

"Utaiweka upya. Ni dakika tu."

Nikanyoosha mkono, akanipa. Nikaizima. Nikaiwasha.

Kioo cheusi, maandishi ya njano. *Kufuli la simu hii limefunguliwa. Usalama wake hauwezi kuthibitishwa.*

Kisha rangi nzuri nzuri, maua, na neno moja kubwa.

*Karibu!*

Chini yake ikaniomba nichague lugha.

"Picha ziko wapi?" nikauliza.

"Picha gani?"

Nikamweleza. Yote sasa, tangu kiti cha msimamizi mpaka miwani mbili za fundi. Maneno yalitoka kirahisi kabisa, yamechelewa siku moja. Nilimwona mume wangu akishuka taratibu ndani ya uso wake, kama lifti iliyokatika waya mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sijui."

"Mimi nimeuliza! Jana nimesimama hapa nikauliza!"

"Ndiyo. Uliuliza."

"Nipigie kelele basi. Nitukane."

Nilitafuta tusi. Sikupata hata moja. Nilichukua taulo kwenye rundo la nguo, nikaanza kulikunja, na simu iko mapajani.

"Narudi kwa yule jamaa," akasema, ameshasimama. "Lazima kuna namna ya kuzirudisha."

"Hodi!"

Sauti ilitoka mlangoni. Sauti ya mwanamke.

*

Alikuwa binti wa Kocha. Leo hakuwa na futi shingoni. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, na alikuwa anahema kwa ngazi zetu.

"Karibu, dada," mume wangu akasema. Alisahau kumwonyesha kiti.

"Sikai. Natoka hospitali." Akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu mkasa huu uanze nikaona meno yake. "Baba amefumbua macho."

Nilimsikia vizuri. Nikasema, "Alhamdulillahi." Nikasubiri nihisi kitu kifuani. Niliona tu kwamba taulo halijakunjwa sawa.

"Amekunywa maji. Amenishika mkono. Lakini ukimuuliza nani alimchoma, saa ngapi, hana analojua. Hata mimi ananiita kwa jina la shangazi." Tabasamu likaondoka. "Kwa hiyo hawezi kutusaidia, Sista. Imebaki picha yako. Jana ofisi yenu walinifuata pale pale wodini. Wanataka niseme Jumatatu kwamba baba alikuwa analalamika siku nyingi kuwa huwa huji. Sikuwajibu. Nimesema moyoni nitaiona picha kwanza, halafu nitajua nakaa na nani."

Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nionyeshe."

Simu ilikuwa mapajani mwangu. Juu yake kulikuwa na taulo. Sikukumbuka kulivuta, lakini lilikuwepo.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa naenda kusema kweli. Nataka mliamini hilo, ingawa sina njia ya kuwathibitishia. Nilikuwa naenda kusema: dada, imefutwa, imefutwa na mtu anayenipenda.

"Simu imeibiwa," mume wangu akasema.

Binti wa Kocha akamgeukia.

"Imeibiwa?"

"Leo asubuhi. Sokoni. Yaani mpaka sasa hivi tuko kwenye huo msiba." Sauti yake ilikuwa imara. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akidanganya, wala sikujua kwamba anaweza vizuri hivyo. "Ametoka nayo kwenye pochi, anarudi, pochi imechanwa."

Kwa jirani walikuwa wanaburuta kiti.

Binti wa Kocha alirudisha macho kwangu. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayetaka sana kuamini, anayeomba asaidiwe kidogo tu.

"Kweli, Sista?"

Mume wangu alikuwa nyuma yake. Alikuwa ananitazama, na mikono yake ile ya kufungulia vifuniko ilikuwa inakunja ile leso tupu.

Nikaitikia kwa kichwa.

Mara moja tu. Hata halikuwa neno.

"Maskini," akasema. Akaja akanishika bega. "Maskini, Sista, yote haya na wizi juu yake! Mimi nakuamini. Mtu mwongo angeniletea picha ya kutengeneza." Akafungua mkoba wake. "Na wala usihofu. Hii ina dawa."

Akatoa simu yake.

"Dada, unampigia nani?" mume wangu akauliza.

"Yule mpelelezi. Aliniachia namba, akasema chochote kitakachotokea kabla ya Jumatatu nimpigie." Simu ilikuwa tayari sikioni. "Haloo, afande? Mimi binti wa yule mzee kocha. Niko hapa kwa yule sista, simu yake yenye ushahidi imeibiwa leo sokoni... Ndiyo. Ndiyo, namba ni ile ile iliyoko kwenye jalada... Mnaweza kuona ilipo?"

Akasikiliza. Akatunong'oneza akiwa ameziba simu kwa kiganja.

"Anasema kama imewashwa na laini imo, wanaiona. Hata mtaa. Ana mwenzake pale pale kwenye kompyuta, anaipigia kwanza wajue kama iko hewani." Akanibana bega. "Mwizi atashangaa. Anauliza tunaweza kusubiri kwenye laini?"

Akajibu mwenyewe.

"Tunasubiri, afande."

Chini ya taulo, simu ikaanza kutetemeka mapajani mwangu.